Mwaka wa Nyumba Mbili

Mama Njiku tumemzika mwezi uliopita, Unyambwa, siku ya upepo, ule upepo wetu wa Singida unaojaza vumbi mpaka kwenye meno. Nilikaa ndani na wanawake wenzangu, miguu nimeinyoosha mkekani kwa sababu magoti yangu hayakunjiki tena, nikawasikiliza wakimsifu kwa yale yale wanayosifiwa maiti wote: alikuwa mkarimu, alikuwa mpole, hakuwa na neno na mtu. Uongo mtupu. Mama Njiku alikuwa na maneno, tena ya kuchoma, na kinyongo alikuwa nacho cha kugawia kijiji kizima kikabaki. Lakini nilinyamaza, maana msibani si mahali pa kusahihishana. Wakati wa kurudi, mjukuu wangu Idi aliyekuwa akiniendesha akapunguza mwendo wa gari penye nyumba moja ya matofali ya kuchoma. Akaniambia, "Bibi, hebu nishauri. Hii inauzwa, imekwisha kila kitu, mwenyewe anahama. Na kule nyuma kuna kiwanja kitupu, naweza kujenga mpya kama nitakavyo. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Nikaanza kucheka. Halafu kicheko kikageuka, nikalia kwa sauti kama mtoto, na yeye maskini akadhani ni uchungu wa maiti, akanifungulia kioo nipate hewa. Swali lile niliwahi kuulizwa nikiwa na miaka kumi na tisa, na nililijibu vibaya.

Wakati huo Mwingereza ndiye mwenye nchi, vita ya Hitla imekwisha miaka michache nyuma, na vitu vingi madukani bado ni vya kungoja. Mume wangu Ramadhani alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale mjini, akishona kaptula za matarishi wa boma na kanzu za Iddi, na sisi tulikaa chumba kimoja uani kwa duka hilo hilo. Chumba kile hata leo ninaweza kukitembea nikiwa nimefumba macho. Kitanda cha kamba kilichukua nusu. Sanduku la nguo lilikuwa chini ya dirisha lisilofunguka. Na ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa ndio ukuta wa ghala la ngozi, ngozi za ng'ombe na mbuzi zilizokaushwa, zikapangwa mpaka darini zikingoja lori. Harufu yake ilipenya ukutani, ikaingia kwenye unga, kwenye maziwa, kwenye nywele. Ramadhani alikuwa akinitania, "Mke wangu ananukia viatu vipya." Mtu wa mzaha sana, Mungu amrehemu. Mzaha ulikoma siku nilipojifungua mtoto wa kiume kabla ya miezi yake, juu ya kitanda kile cha kamba. Aliishi asubuhi moja. Kufika adhuhuri alikuwa hayupo. Watu waliniambia ni kazi ya Mungu, nami nikaitikia, lakini moyoni nilisema ni kazi ya chumba. Nilipojijua nina mimba tena nikamwambia mume wangu, "Humu sizai tena. Utanitafutia nyumba, au nitakwenda kuzalia porini." Nilikuwa sitanii, naye alijua sitanii.

Nyumba alikuwa nayo tayari akilini. Watu wa boma walikuwa wamepima viwanja pembeni mwa mji, vimenyooka kama mshono, na yeye alipata kimoja cha mwisho kabisa upande wa mawe makubwa. Sharti ni nyumba ikae kwenye mstari, iwe na choo, na paa liwe la bati. Alinipeleka nikaione siku ya Ijumaa baada ya swala, kanzu yake imenyooshwa kama anakwenda kuposa. "Hapa sebule," akaniambia, anaruka juu ya rundo la udongo. "Hapa chumba chetu. Hapa ghala. Na hapa, tazama hapa Zainabu, hapa ni baraza. Cherehani nitaiweka hapa, mlangoni kwangu mwenyewe, sikai tena kwenye baraza la mtu." Nilifurahi kwa ajili yake, maana uso wake ulikuwa unang'aa. Lakini nilipoweka kiganja ukutani kilitoka na unyevu. Bati zilizopatikana zilifunika chumba kimoja tu, nyingine zilikuwa zinangojwa kutoka Dodoma. Nikamuuliza fundi Ali, aliyekuwa akijenga, itakwisha lini. Fundi Ali alikuwa mtu wa kweli hata pale ambapo uongo ungemfaa. "Shemeji," akasema, "tofali mbichi linataka kiangazi kizima. Hili limechelewa kuinuliwa, na mvua ziko mlangoni. Mkiingia ukuta haujakauka mtakaa na maji ndani, na mtoto mchanga hawezi maji. Ngojeni mpaka baada ya mavuno." Nikahesabu miezi kwa vidole nyuma ya mgongo. Mtoto wangu angezaliwa katikati ya mvua.

Nyumba ya pili ilikuja yenyewe barazani. Bwana mmoja wa Unyambwa, jina lake Sungi, alileta suruali ikapunguzwe, akawa anazungumza huku anangoja. Alisema anahamia Mitundu kwenye biashara ya asali na nta, na tembe lake anataka kumwachia mtu atakayelitunza, kwa bei ya kuelewana. Ramadhani aliniletea habari hiyo wakati wa chakula cha mchana, kama kitu cha kuchekesha, lakini mimi sikucheka. Kesho yake tukaenda kuliona. Ukitoka kwenye jua la Singida ukaingia kwenye tembe la zamani, macho hayaoni kitu, ngozi ndiyo inayoona kwanza. Baridi ile nzuri. Paa la udongo limeshikana miaka mingi, boriti nyeusi kwa moshi, kuta nene ambazo mvua zimezijaribu zikashindwa. Nikasikia harufu ya moshi na ya uwele, na harufu ya ngozi haikuwepo kabisa. Nilisimama katikati ya nyumba ile nikavuta pumzi mpaka mtoto akacheza tumboni, na nikaitaka. Sijawahi kutaka kitu maishani mwangu kama nilivyoitaka nyumba ile.

Halafu macho yakazoea giza, nikaanza kuona. Vibuyu vilikuwa vimetundikwa safi, vimezibwa midomo. Kinu kimefunikwa. Sakafu ilikuwa imepakwa samadi si zamani, na alama za kiganja cha mwanamke zilikuwa zinaonekana bado, mkono ulipozunguka na ulipopumzika. Na jikoni mafiga matatu yalikuwa yamesimama mahali pake. Kwa watu wa pale nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huijenga, lakini mwenye nayo ni yule anayepika ndani yake, na akihama kwa ridhaa yake huyang'oa mafiga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, akayatoa nje. Mafiga yakiwa bado yamesimama, nyumba ile ina mwenyewe, hata awe ameondoka mwaka mzima. Nilijua hivyo vizuri, hata kwetu Iramba tulikuwa hivyo hivyo. Sungi alipoulizwa habari za mkewe alisema tu, "Amekwenda kwao Kiomboi," akageuza maneno kwenye shamba na rutuba ya boma la ng'ombe. Mimi nikaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji kisimani. Wanawake wawili walikuwa wanafua, wamenipa mgongo. Mmoja akauliza, "Mama Njiku anarudi lini?" Wa pili akasema, "Mama yake bado yuko kitandani, atamwachaje? Akipata nafuu atarudi." "Na huyu Sungi mbona anatembeza wageni?" Waliponiona wakaniinulia kata ya maji, nikanywa nikawashukuru.

Njiani Ramadhani alikuwa anawaza. "Nyumba ni nzuri," akasema, "lakini yule mkewe mbona sielewi?" Nikamjibu, bila hata kujikwaa, "Wameachana kabisa. Nimewasikia wanawake kisimani." Akasimama akanitazama. "Una hakika?" "Nimesikia kwa masikio yangu." Tukaenda hatua kadhaa. Kisha akaniuliza lile swali, kwa sauti ya chini, maana lilikuwa linamuuma: "Basi sema wewe. Ile yetu mpya tujibanebane mpaka ikauke, au hii?" Nikasema, "Hii." Leo watu wakitafuta nyumba wanauliza maji, umeme, hati, vigae, madirisha ya alumini. Wanagonga ukuta kwa kidole wanatikisa kichwa. Sijasikia hata mmoja akiuliza mwanamke wa nyumba hii yuko wapi na anasemaje. Labda siku hizi si lazima. Lakini siku hizo ilikuwa lazima, na mimi nilijua kwamba jumbe atakapokuja kushuhudia mauzo, hilo ndilo atakaloliuliza kwanza.

Basi nitasema nilichofanya, kwa sababu hata watoto wangu sijapata kuwaeleza chote. Siku ya mauzo tulifika kabla ya jumbe. Sungi na Ramadhani wakakaa uani wanamngoja, mimi nikasema ninaingia kuangalia ghala la nafaka. Nikaenda jikoni moja kwa moja. Figa la kwanza lilitoka kwa urahisi. La pili nililisukuma kwa mguu kwa sababu tumbo lilikuwa limenizidi, siwezi kuinama. La tatu lilikuwa limezama ardhini miaka na miaka, nikalitikisa kama jino mpaka likaachia. Nikayavingirisha moja moja kwa mlango wa nyuma, nikayaegemeza ukutani nje, nikafagia jivu, nikanawa mikono. Mgongo uliniuma hata nikaogopa nimemdhuru mtoto. Jumbe alikuwa mzee mrefu wa maneno machache. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza, "Mwanamke wa nyumba hii yuko wapi?" Sungi akasema, "Kaondoka." Jumbe hakuridhika, akazunguka nyumba polepole na fimbo yake, na sisi nyuma yake. Alipofika kwenye yale mawe meusi akasimama. "Haya," akasema. "Mafiga yametoka." Sungi aliyatazama kama mtu aliyeona nyoka. Kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Hatukuambizana neno, yeye na mimi, wala hatukuhitaji kuambizana. Siku ya tatu akaondoka kwenda zake Mitundu.

Ningependa kusema niliishi kwa majuto, lakini nilikuwa na furaha, na nisiposema hivyo nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Niliweka mafiga yangu mapya. Nilipika ugali wa uwele na mlenda, Ramadhani anarudi jioni kutoka mjini anakula mpaka anafungua kifungo, ananitania kwamba siku hizi ninanukia mtu. Maboga yalikuwa yanatambaa yenyewe kwenye samadi ya zamani. Mvua ya kwanza ikaja, na paa halikudondosha hata tone, wakati kule mjini, Ramadhani alisema, kona moja ya nyumba yetu mpya ilikuwa imemeguka. "Ulichagua vizuri," akaniambia. Nikaona kweli nimechagua vizuri.

Mama Njiku alirudi siku ya Jumanne, jua limeshapanda, mimi niko jikoni nasonga ugali. Aliingia moja kwa moja kama mtu aingiavyo kwake, mzigo kichwani, kichwa chenyewe kimenyolewa. Mama yake alikuwa amefariki. Alitua mzigo, akanitazama, akatazama tumbo langu, akatazama moto. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba. Wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ni mke wa fundi Ramadhani, tumeuziwa. Akarudia neno hilo taratibu. "Mmeuziwa." Halafu akauliza, "Mafiga yangu yako wapi?" Nikasema, "Tulikuta yametoka, mama. Yako nje." Hakupiga kelele. Kelele ningeziweza. Alitoka akazunguka nyumba, na nilipochungulia nikamwona amekaa juu ya figa moja, mikono mapajani, mvua nyepesi inamnyeshea kwenye kile kichwa kitupu. Alikaa hivyo mpaka ugali wangu ukaungua.

Jumbe aliitwa kesho yake, na majirani wakaja kusikiliza. Mama Njiku alieleza kwa kifupi: alikwenda kumuuguza mama yake, mumewe alijua, mwanawe wa pekee Njiku yuko Tanga kwenye mkonge, hana nyumba nyingine. Jumbe akasikitika, ilionekana usoni. "Lakini mafiga niliyaona nje kwa macho yangu," akasema. "Aliyeyatoa si mimi," Mama Njiku akamjibu. "Nani basi?" Mama Njiku akasema, "Mwanamume hashiki mafiga." Jirani mmoja akadakia, "Sungi hana haya, yule anashika chochote," watu wakacheka, na kicheko kile kikanisaidia mimi, kikafunga jambo. Nilikuwa ninatazama vidole vya miguu yangu. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima, ungeweza kusema maneno matatu tu. Lakini nilifikiri ukuta ule wenye maji, nikafikiri ghala la ngozi, nikafikiri yule wa kwanza tuliyemzika amefungwa katika kipande cha khanga. Nikanyamaza. Jumbe akasema mauzo ni halali, hayatenguki. Mama Njiku akainuka, akasema, "Basi naomba kona ya ndama humu ndani mpaka nijue pa kwenda. Huyu naye tumbo limeshuka, mumewe kutwa yuko mjini, hawezi kuachwa peke yake. Akishatoka arobaini nitaondoka nimfuate kaka yangu Kiomboi." Ramadhani alimshukuru karibu apige magoti. Alikuwa na aibu kubwa, maskini, na hakuwa na kosa lolote.

Tukaishi watu watatu. Mimi nilikuwa nalala mahali pake, yeye kwenye kona ya ndama. Hakuwa mwema kwangu kwa maneno, nisimpake mafuta kwa sababu amekufa. "Unapika mlenda kama unaosha vyombo," aliniambia siku ya pili, akaninyang'anya mwiko. Alinikataza kubeba maji, alinisugua miguu ilipovimba, kila siku tonge la kwanza la ugali alinisogezea mimi, huku ananisema kwa uvivu. Mara nyingine tukichambua mboga aliacha kazi akanitazama tu, kama anayengoja lori lililochelewa, kisha akaendelea. Kila aliponipa kitu nilikuwa najiambia, leo nitasema. Halafu najiambia, nikishazaa.

Nilizaa alasiri moja mvua inanyesha kwa nguvu, juu ya ngozi ya ng'ombe aliyoitandika yeye, ndani ya kuta zile kavu. Yeye ndiye aliyenishika mgongo, yeye ndiye aliyempokea. Mtoto wa kike, miezi yake imetimia, akalia mpaka kuku wakatoka jikoni. "Huyu ana kelele," Mama Njiku akasema, "ataishi." Akamfuta, akamzungusha kitambaa, akanipa. Nilichokuwa nimekitaka nilikuwa nacho kifuani, hai, na aliyenipa ni mtu niliyemwibia. Nilimwita, "Mama." Akasema, "Sema." Akangoja. Mimi nikasema, "Asante." Akageuka akaenda kuchemsha maji.

Siku ya arobaini tulichinja kuku. Ramadhani alileta mchele kutoka mjini, wakaja majirani, akaja fundi Ali, akaja na jumbe, wanaume wakakaa uani kwenye mikeka, wanawake ndani. Nilikuwa nimevaa khanga mpya. Nilipoingia kuchukua sahani nikamkuta Mama Njiku kwenye kona ya ndama anafunga mzigo wake. Ulikuwa mdogo. Blanketi, chungu, vibuyu viwili. Vingine alikuwa ameviacha vimetundikwa pale pale. "Hivyo vya maziwa nimekuachia," akasema bila kuinua macho, "kile kikubwa usikioshe kwa maji ya moto." Nikatoka na sahani zangu mpaka uani, nikasimama mbele ya wanaume wanaokula, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hakulifanya, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Jumbe, mafiga niliyatoa mimi." Mikono ikasimama kwenye sinia. Jumbe akasema, "Unajua unachosema, binti?" "Najua. Niliyatoa kabla hujafika, nikayaweka nje uyaone. Nilijua atarudi. Nilisikia kisimani kwamba anauguza." "Mumeo alijua?" "Hakujua. Na yeye nilimdanganya." Ramadhani alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sinia taratibu, akaomba maji, akanawa, akaondoka uani bila kumtazama mtu. Jumbe naye akanawa. "Basi hakuna kilichouzwa hapa," akasema. "Na Sungi mtamfuata wenyewe huko Mitundu." Hatukumwona Sungi tena.

Ndani nilimkuta Mama Njiku anafungua mzigo. Alikuwa amesikia kila neno, mlango ulikuwa wazi. Nikapiga magoti mbele yake nikauliza, "Ulikuwa unajua?" "Tangu siku ile ile. Mtu aliyekuta kitu hatokwi jasho." "Mbona hukusema, mama?" Hapo ndipo nilipomwona analia, mara moja tu katika miaka yote niliyomjua, machozi yanashuka na mikono inaendelea kufungua fundo. "Ningemwambia nani? Jumbe alishayaona nje. Aliyebaki wa kusema ni wewe. Nimekupikia kutwa kucha nasema leo atasema, kesho atasema. Mtoto nimemtoa kwa mikono hii, nikasema sasa atasema. Ukaniambia asante." Akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Na sijakusamehe, usije ukadhani. Lakini kaeni mpaka mvua ziishe, kwa ajili ya huyo mtoto." Ramadhani alikataa. Alisema hawezi kula tonge jingine katika nyumba ile, na kesho yake asubuhi tukahama.

Tukahamia kwenye nyumba yetu mpya. Chumba kimoja chini ya bati, kingine wazi, kona iliyomeguka imezibwa kwa magunia. Mvua ikipiga bati hamsikilizani. Kuta zilikuwa zinatoka jasho, nazipangusa kwa kitambaa asubuhi, adhuhuri zimelowa tena. Niliwasha moto kutwa kwa kuni mbichi zinazotoa moshi kuliko joto, mtoto nimemfunga kifuani chini ya khanga mbili, na kila alipopiga chafya nilimwekea sikio mgongoni. Ramadhani hakusema na mimi. Alisema na mtoto. "Mwambie mama yako maji yamechemka." "Mwambie mama yako ninakwenda kazini." Ingekuwa wakati mwingine ningecheka. Nilikuwa nimewanyang'anya wote wawili: yule mwanamke miezi yake ya matanga, huyu mwanamume heshima yake mbele ya watu. Na mtoto nilimleta kwenye maji yale yale ambayo niliiba nyumba ya mtu ili kumwepusha nayo. Nilikuwa nazunguka chumba kile nikiona si mahali pangu, sina haki ya mahali popote.

Siku ya nne, kama saa nne za asubuhi, nilikuwa nimesimama karibu na mlango nikitazama mawingu. Nikamwona Mama Njiku anakuja kwenye ule mstari wa viwanja, mrefu, kichwa kimeanza kuota nywele, na juu yake mzigo mkubwa wa kuni kavu. Kutoka Unyambwa mpaka pale, kwa miguu, katika tope. Alifika akasimama nje ya mlango, mvua inamnyeshea. Mimi nilikuwa hatua mbili ndani, ananiona ninamwona. "Hodi," akasema. Yule mwanamke, mimi nimwambie nini? Akarudia, "Hodi." Nikamwambia, "Ingia tu, mama, unalowa." Akatikisa kichwa kadiri mzigo ulivyomruhusu. "Siingii tu. Nyumba hii ni ya mwanamke. Aseme mwenyewe." Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kuni, yanamshukia usoni, naye hakusogea. Mtoto akalia kifuani mwangu. Nikasema, "Karibu, mama. Karibu kwangu." Akainama kwenye kizingiti, akaingia, akatua kuni karibu na moto, akaninyooshea mikono nimpe mtoto.